Maswali ya Wasomaji: Kipupwe cha Dar es Salaam na Namna ya Kukifaidi

Masika yamepita, matope ya Jangwani yamekauka, na barua za wasomaji zimegeuka. Mwezi wa Aprili mlituuliza kuhusu mifereji iliyoziba na kuta zinazoota ukungu. Sasa mnauliza mahali pa kukaa nje. Tumechagua barua chache na kuzifupisha bila kubadili maana yake. Msomaji atakayezipitia zote ataona kwamba karibu kila jibu linarudi kwenye mambo mawili, yaani saa ya kutoka nyumbani na upande unaotoka upepo. Umaarufu wa mahali na uzito wa mfuko vinakuja nyuma sana.

SWALI: Nimehamia Dar es Salaam nikitokea Njombe. Wenzangu ofisini wanavaa masweta na kulalamika baridi, nami natokwa na jasho ndani ya daladala saa saba mchana. Je, hii ni baridi kweli au ni mazoea tu? Na itaisha lini? (Mgeni wa Ubungo)

JIBU: Karibu mjini, ndugu yetu. Mtu aliyekulia mahali ambapo sakitu huunguza mashamba ya viazi mwezi wa Julai ana haki ya kucheka, ila asicheke sana. Usiku wa Julai na Agosti hapa Dar joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, na mchana hufika 28 au 29. Mwezi wa Februari usiku hubaki kwenye nyuzi 24 au 25, na mchana hupita 31. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, lakini mwili hauhisi joto peke yake. Februari hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, nguo zinagandamana na ngozi, na mtu anaamka amechoka. Julai hewa ina unyevu mdogo zaidi na upepo hauachi kuvuma, kwa hiyo jasho hukauka kabla hujalitambua na ngozi hupoa. Hicho ndicho wenzako wanachokiita baridi, na kwa mtu aliyetoka kuvumilia miezi ya kaskazi, hakika ni baridi.

Sababu zake ni mbili na zinakutana. Ya kwanza ni jua, ambalo miezi hii liko upande wa kaskazini wa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua hutupitia utosini kabisa, lakini ifikapo tarehe 21 Juni, hata adhuhuri, linakuwa limeinama kuelekea kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Ya pili ni kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki, kwenye eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, ambako wakati huu ni majira ya baridi hasa. Ni kusi hiyo hiyo iliyokuwa ikiwarudisha manahodha wa majahazi Arabuni na Bara Hindi baada ya kuletwa huku na kaskazi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huhesabu kipupwe kuwa ni Juni, Julai na Agosti. Mimi ningeongeza nusu ya kwanza ya Septemba, ambayo asubuhi zake bado ni nzuri, na ningepunguza wiki ya kwanza ya Juni, ambayo mara nyingi bado ina madimbwi na mbu walioachwa na masika. Mvua haikomi kabisa, ila ni manyunyu ya muda mfupi, aghalabu usiku au alfajiri. Mwezi wa Aprili hupita milimita 200 kwa wastani, na Julai haifiki hata robo ya hizo. Kuhusu sweta, usiligawe. Panda bodaboda saa kumi na moja alfajiri kutoka Kibamba hadi Kariakoo ukiwa na shati tupu, kisha utuandikie tena.

SWALI: Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja na mdogo ana minne. Mwaka jana mwezi wa saba niliwapeleka Coco Beach Jumapili jioni. Upepo ulitupiga mchanga machoni hadi chakula hakikuliwa, maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mawe, na tulirudi nyumbani na vilio. Tunaishi Mbagala. Nifanye nini safari hii, au pwani tuiache mpaka Desemba? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mama, pwani usiiache, badilisha saa. Kusi ina ratiba ambayo haitofautiani sana siku hadi siku. Alfajiri huwa imetulia, na pengine utahisi upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini. Kuanzia saa nne asubuhi, ardhi inapopata joto, upepo wa baharini hujiunga na kusi, na nguvu yake huongezeka hadi saa tisa au saa kumi, kisha hulegea jua linapozama. Coco Beach inatazama mashariki na haina kinga yoyote mbele yake, kwa hiyo anayefika hapo saa kumi jioni amekwenda kuupokea upepo ukiwa kwenye kilele. Binafsi naona Coco Beach ya Jumapili jioni inasifiwa kuliko inavyostahili, na ile ya asubuhi haisifiwi vya kutosha.

Jambo la pili ni maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita tatu. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hupungua sana. La kukariri ni hili: siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na saa nne asubuhi utakuta maji yamejaa. Huhitaji kitabu cha mabaharia. Muulize jirani anayefuata kalenda ya Kiislamu leo ni tarehe ngapi. Akikwambia ni moja au mbili, au kumi na tano au kumi na sita, ujue ni bamvua. Bila shaka siku ile ya vilio ilikuwa karibu na bamvua, maana ulikuta upepo na maji vimefika kileleni kwa wakati mmoja.

Kwa watoto wa umri huo, asubuhi ya bamvua ndiyo tamu. Maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga wenye vidimbwi vya maji vuguvugu, ambamo mna kaa wadogo wanaokimbia kwa ubavu na visamaki visivyozidi ukucha. Mkubwa atachimba, wa kati atakimbizana na kaa, na mdogo atakaa ndani ya kidimbwi maji yakimfika kiunoni, bila wimbi la kumwangusha. Wavalishe raba kuukuu au viatu vya plastiki, kwa sababu penye miamba kuna wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, ambayo huvunjikia ndani ya nyayo na kuwa taabu kuitoa. Nawe usijisahau: maji yakianza kurudi hayaji kwa mstari ulionyooka, bali hupita kwanza kwenye mabonde ya mchanga na kuwazunguka watu kwa nyuma, hivyo ifikapo saa tano waite wote wasogee upande wa nchi kavu.

Kutoka Mbagala hakuna haja ya kuvuka jiji zima kwenda Oysterbay. Shikeni njia ya Kongowe hadi Mjimwema, mkaingie kwenye fukwe za Kigamboni ambazo mchanga wake ni mpana na watu wa asubuhi ni wachache. Kwa njia hiyo mtakuwa mmekwepa pia msongamano wa Barabara ya Kilwa wakati wa maonyesho ya Sabasaba, ambayo huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi karibu katikati ya Julai. Ondokeni jua likichomoza, yaani saa kumi na mbili na nusu na ushei. Fukwe nyingi za huko zina wenyewe, kwa hiyo getini uliza mambo mawili kabla hujalipa: kiingilio cha mtoto ni kiasi gani, na kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa. Vitumbua na chupa ya chai vikizuiwa getini, safari inakuwa ya gharama nyingine kabisa.

Mwisho, siku moja kabla ya safari sikiliza taarifa ya hali ya hewa. Msimu huu Mamlaka hutoa mara kwa mara angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili kwa maeneo ya pwani yetu. Kukiwa na angalizo, watoto wacheze mchangani na wasiguse maji mengi, hata wakililia.

SWALI: Bibi yao wajukuu anashikilia kwamba kuoga baharini wakati wa kipupwe kunaleta nimonia. Ni kweli? (Baba wa Temeke)

JIBU: Nimonia huletwa na vijidudu, na maji ya bahari mwezi wa Agosti bado yana nyuzi 25 hivi, ambazo ni zaidi ya joto la hewa ya alfajiri. Hata hivyo mama mkwe, au mama mzazi, maana hukututajia, ana hoja. Mtoto aliyelowa akisimama kwenye upepo hupoteza joto haraka, na mwenye pumu au mafua anaweza kubanwa na kifua. Akitoka majini mfute, mvue nguo mbichi palepale, mfunge kanga kavu na umpe kitu cha moto. Mwenye pumu asitoke nyumbani bila dawa yake ya kuvuta. Ukimweleza bibi hivyo, kila mmoja atakuwa ameshinda.

SWALI: Nimestaafu, nina miaka sabini na miwili, na magoti hunikaza asubuhi. Daktari amenishauri nitembee kila siku. Ninakaa Upanga. Nipite wapi, na saa ngapi? (Mstaafu wa Upanga)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Miezi hii jua linachelewa kidogo: mwezi wa Novemba huwa limeshachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, lakini katikati ya Julai hutoka saa kumi na mbili na dakika 35 hivi. Usiondoke gizani. Amka, kunywa kitu cha moto, nyoosha miguu ukiwa umekaa kitandani, na utoke karibu na saa moja, wakati viungo vimelegea na barabara inaonekana vizuri.

Njia yako ipo jirani, na ni tambarare, jambo ambalo magoti yako yatalishukuru. Ingia Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi wa rika lako bado wanaiita Ocean Road, na uifuate kuelekea Magogoni. Kwa kuwa barabara hiyo inakwenda upande wa kusini-mashariki, utakwenda ukiukabili upepo ungali mwepesi na wewe ungali na nguvu, kisha utarudi ukiwa umeupa mgongo, wakati umechoka nao umeanza kukaza. Ukitembea kinyume cha hapo utafika mbali kwa raha na kurudi kwa taabu. Eneo la Ikulu pita bila kusimama na bila kutoa simu kupiga picha.

Siku unayojisikia, katiza ndani hadi Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribu mimea ya biashara, na ingawa eneo lake limemegwa na kuwa dogo, miti mikubwa iliyobaki inatosha kumpumzisha mtu. Hapo kuna jambo dogo la kujua: kwa kuwa jua liko kaskazini, kivuli cha mchana miezi hii kinaangukia upande wa kusini wa mti au ukuta. Anayekaa upande wa kaskazini atahamahama kila baada ya dakika chache akidhani jua linamfuata.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na njia ya waenda kwa miguu, na asubuhi mandhari yake ni ya kupendeza. Liwekee siku tulivu tu, maana katikati yake hakuna mti wala ukuta, na kofia isiyofungwa itaishia baharini.

SWALI: Nataka kumpeleka mchumba wangu Bongoyo au Mbudya mwezi wa Agosti, lakini anaogopa mawimbi. Kuna ubaya gani tukienda? (Kijana wa Mwananyamala)

JIBU: Hakuna ubaya, ila mpangie safari kwa kumfikiria yeye. Visiwa hivyo viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vimo katika hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na havina wakazi wa kudumu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba fukwe zao kuu ziko upande wa magharibi na kaskazini-magharibi, yaani zimeigeuzia kusi mgongo wa kisiwa. Siku ambayo Coco Beach inachafuka, unaweza kukuta ufukwe wa Mbudya maji yametulia na unaona hadi vidole vya miguu yako.

Taabu iko katika kuvuka, na hapo ndipo nakushauri umchagulie Mbudya, kwa sababu kutoka Kunduchi kivuko chake ni kifupi kuliko cha kutoka Msasani kwenda Bongoyo. Mwende asubuhi mapema na mrudi kabla upepo wa alasiri haujakaza. Kabla ya kupanda, hesabu majaketi ya kuokolea na uhakikishe kila abiria ana lake. Nahodha akisema yapo chini ya viti, mwombe ayatoe. Mchumba akae nyuma ya boti, ambako mrusho ni mdogo, atazame mbali mahali bahari inapokutana na mbingu, na asiwe amepanda na njaa wala ameshiba kupita kiasi. Lipeni ada ya hifadhi na mpewe stakabadhi. Samakigamba na nyota za bahari mziache zilipo. Sheria ya hifadhi inakataza kuzichukua, na kwa hakika kuna zawadi bora za kumpa mchumba.

SWALI: Sisi ni kwaya ya vijana, Gongo la Mboto. Kila mwaka tunakwenda ufukweni siku ya Sabasaba na tunakuta watu wamejaa. Kuna mahali pengine pa kutembea nje bila kwenda mbali? (Katibu wa kwaya)

JIBU: Mpo mlangoni kwenye mahali hapo. Msitu wa Pugu na jirani yake wa Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, uko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji, na kwenu ni mwendo wa daladala tu. Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, yenye miti na ndege wasiopatikana mahali pengine pengi, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Pitieni kwanza ofisini, mlipe kiingilio na mwombe mwongozaji, kwa sababu njia zinagawanyika na kikundi cha vijana kinapotea kwa urahisi.

Kipupwe ndicho kipindi chake hasa. Wakati wa masika udongo wa vilima hivyo unateleza vibaya, na wakati wa kaskazi ndani ya msitu hakuna hewa. Sasa njia ni kavu, chini ya miti kuna ubaridi, na mkipanda mahali pa wazi mnakutana na kusi usoni mkiona jiji kwa mbali. Mwongozaji anaweza kuwaonyesha mashimo yaliyochimbwa zamani kutafuta kaolini, ule udongo mweupe, ambayo siku hizi ni makazi ya popo. Na kwa kuwa siku mliyoitaja inatokana na kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, haitakuwa vibaya mkikumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha shule hapo Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kukitumikia chama hicho.

Nawaonya juu ya kitu kimoja, na nawaomba wasichana wanaopenda kuvaa sketi fupi wanisamehe: upupu. Maganda yake hukauka miezi hii hii, na upepo ukiyatikisa, vinyweleo vyake hupeperuka hadi kwenye njia. Vaeni suruali ndefu na mikono mirefu, msiguse ganda lolote la rangi ya kahawia lenye manyoya, na atakayewashwa asijikune, kwa maana kila anapokuna anavisambaza zaidi. Avue nguo hiyo na kuikung'uta mbali na wenzake, upande unakokwenda upepo.

SWALI: Jioni, baada ya kazi, na mfuko mwepesi. Wapi? (Mwanafunzi wa Chuo Kikuu, Mlimani)

JIBU: Swali fupi, jibu fupi. Subiri saa kumi na mbili na nusu, jua likishazama na upepo ukilegea, kisha nenda ukale mihogo ya kukaanga Coco Beach, yenye kachumbari na pilipili, ukae na mgongo ukielekea baharini ili mchanga usiingie kwenye sahani. Mwombe muuzaji akukaangie upya. Mhogo uliokaa kwenye upepo kwa robo saa unakuwa mgumu. Samaki waache kwa sasa, maana bahari ikichafuka wavuvi wengi hawatoki na bei huko Feri hupanda. Matunda ndiyo nafuu ya msimu: machungwa na machenza yamejaa, na mwenye toroli atakumenyea palepale. Ukitaka upepo bila mchanga, panda kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, simama juu, ushuke, unywe kahawa na kashata ng'ambo, urudi.

SWALI: Tuna shughuli ya ndoa nyumbani, Mbezi, Jumamosi moja ya Agosti kuanzia saa tisa alasiri. Tunataka iwe uani, nje. Mwenye maturubai anasema tutaamua siku hiyo hiyo yakae wapi. Mnasemaje? (Mama wa bibi harusi mtarajiwa)

JIBU: Hongera sana mama. Msikubali kuamua siku hiyo hiyo, kwa sababu kwenye shughuli ya kipupwe mahali pa turubai ndipo penye raha au karaha yote. Simama uani leo saa tisa alasiri, shika kitambaa chepesi, uone kinapepea kuelekea wapi. Katika viwanja vingi vya Mbezi kitaelekea kaskazini-magharibi, ingawa nyumba ya ghorofa ya jirani inaweza kuugeuza upepo, ndiyo maana nakutuma ukajionee mwenyewe. Upande unaotoka upepo, yaani kusini-mashariki, turubai lishushwe hadi chini na kamba zake zifungwe kwenye vigingi vya chuma au mifuko ya mchanga. Upande wa pili liachwe wazi ili lisivimbe na kung'oka.

Jiko, majiko ya mishikaki na jenereta vyote viwe upande unaokwenda upepo, hata kama mpishi atanung'unika kwamba ni mbali na bomba la maji. Moshi wa mishikaki ukiwafikia meza kuu, hakuna picha itakayotoka bila mtu anayefuta machozi, na watu watatafsiri machozi hayo wanavyotaka. Jua la alasiri mwezi huo hushuka upande wa magharibi lakini limeegemea kaskazini kidogo, kwa hiyo maharusi wasikalishwe wakitazama huko. Watakunja uso hadi saa kumi na mbili na nusu, linapozama. Mapambo ya vitambaa vyepesi na maputo mpunguze. Vitambaa vya meza mvibane kwa klipu, na maua yawekwe kwenye vyombo vizito vyenye maji na kokoto, kwa sababu chombo chepesi huanguka kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Kwenye kadi za mwaliko waandikieni wageni kwamba shughuli itakuwa nje, ili akina mama waje na mitandio na wazee waje na makoti. Ifikapo saa tatu usiku upepo utakuwa umetulia, lakini ubaridi utakuwa umeshuka, na hapo ndipo chai ya tangawizi inapoulizwa kuliko soda. Mwambie mpishi aongeze sufuria moja.